Fundi Aliyepima kwa Uzi

Mtu akiisifu nguo yangu, huniuliza nilisomea chuo gani. Nikimwambia nilisomea kwenye baraza ya kinu cha posho kule Sori, kwa mwanamke asiye na kibao wala cheti, huona kama namfanyia mzaha. Huyo simlaumu. Wanaonikera ni wale wanaomjua, waliovaa kazi ya mikono yake harusini na kanisani, halafu akitajwa wanaangalia chini na kuanza kuzungumza habari za mvua. Kwa ajili yao nimekaa kuandika haya, na nikiwakera ni sawa.

Sisi wanafunzi tulimwita Fundi. Sitamwita vingine hapa.

Nilikwenda kwake kwa sababu mitumba ilikuwa imenichosha. Nina mabega membamba na nyonga pana, na kila gauni nililolitoa kwenye lundo sokoni lilikuwa limeshonewa mtu mwingine kabisa, mtu wa nchi ya baridi asiye na kitu nyuma. Likinikaa mabegani halipiti nyongani, na likipita nyongani mabegani linaning'inia. Nilitaka nguo moja tu iliyokatwa kwa ajili yangu. Nilidhani ningejifunza kidogo, nijishonee, nirudi zangu nyumbani Karungu.

Fundi alinizungusha, akanitazama toka kisogoni hadi kisiginoni, akaniuliza natoka wapi. Tangu hapo nikawa Nyar Karungu, binti wa Karungu, maana kwetu mwanamke huitwa kwa mahali alikozaliwa.

"Nyar Karungu," alisema, "una mwili mzuri wa kujifunzia. Ukiweza kujishonea wewe, utamshonea yeyote."

Mpaka leo sijui kama nilisifiwa au nilitukanwa.

Kinu kilinguruma tangu asubuhi na unga ulitua juu ya kila kitu. Ng'ambo ya barabara wanawake walianika omena, dagaa wa ziwani, juu ya nyavu, na harufu yake ikaingia kwenye vitambaa, hivi kwamba kila nguo iliyotoka pale ilibidi ifuliwe kabla ya kuvaliwa. Fundi hakujali. Chaki yake ilikuwa kipande cha muhogo mkavu: unachora mstari, unakata, unaupangusa kwa kiganja. Pini alizichomeka kwenye kipande cha sabuni ili ziteleze. Karatasi za kukatia vielelezo vya kufuatisha kwenye kitambaa zilikuwa mifuko ya saruji iliyokung'utwa, na ole wako ukate kitambaa kabla hujakata mfuko.

Hata mfuko wenyewe ulikuwa mbali. Mwanzoni hukushona chochote, ulifumua. Alikuambia ulete nguo yako ya zamani iliyowahi kukukaa vizuri, akakupa wembe, ukakata uzi mmoja mmoja mpaka nguo ikawa vipande juu ya mkeka. Kisha ulimweleza kila kipande kilikuwa wapi mwilini, ukakirudisha. Nilinung'unika. Nilimwambia nilikuja kushona, sikuja kubomoa. Akajibu kwamba anayeijua nguo kwa nje tu anaijua kama mnunuzi, akaendelea kutafuna njugu zake.

Kulikuwa na msichana mmoja aliyekuwa mbele yetu kwa sababu alijifunza kukata mikono ya nguo kwa video za kwenye simu. Alikata haraka, kwa madaha, na mikono ikawa inabana kila alipotaka kuokota kitu. Fundi alimwambia ainame, akasikiliza mshono ukipasuka, akamuuliza, "Huyo wa kwenye simu alishakuona ukiinama?"

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa na kiburi na alikuwa na rula, na rula hiyo vidole vyangu vinaikumbuka. Alikagua nguo kwa kuigeuza ndani nje, akitafuta uzi uliobaki, huku yeye mwenyewe akiwa amevaa sweta la mtumba lililotoboka kiwiko, vifungo vimepishana. Aliwatukana wauza mitumba asubuhi, na jioni ulimkuta kwa hao hao akichagua zipu. Akikupiga kidole, baada ya muda alikuletea chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha, akauweka mbele yako bila kukutazama. Aliogopa mbwa kupita kiasi. Na alishika miiko midogo midogo ambayo hata bibi yangu alikuwa ameiacha: usiruke kitambaa kilicholala chini, usishone nguo ikiwa mwilini, usikate kitambaa cha bibi harusi kukiwa na matanga jirani.

Kwenye msumari nyuma yake ulining'inia mkoba wa ngozi ya bandia. Siku moja nilitaka kupima, na tepu ya darasa ilikuwa imefutika namba kwa kushikwashikwa. Nikaona ndani ya mkoba tepu mpya, imekunjwa na kufungwa mpira kama ilivyotoka dukani. Nilipoitoa aliinuka kwa kasi ambayo sikumdhania, akaichukua mkononi mwangu.

"Hiyo ni ya ndani ya nyumba," alisema.

Nilidhani anamaanisha nyumba yake. Nikamwona bahili, nikarudi kwenye tepu iliyofutika.

Alikuwa na sheria iliyowakimbiza wengi. Nguo ya kwanza unayojishonea, hata iweje, lazima uivae siku ya soko, mchana kweupe, uende ununue kitu na urudi. Asiyetaka alikusanya vitu vyake akaaga. Mimi nilikuwa na kitenge chenye picha za majogoo, kizuri, cha rangi ya chungwa. Baada ya karatasi zote zile za saruji, furaha ya kukata kitambaa kipya ilinipanda kichwani. Nilikikunja kwa upana, nikapanga vielelezo, nikakata mbele na nyuma kwa pamoja. Nilipounganisha ndipo nilipoona. Mbele majogoo walikuwa wamesimama wima, na nyuma walining'inia vichwa chini, miguu juu. Shingo nayo ilikuwa pana kiasi kwamba bega moja lilichungulia nje muda wote.

Na Fundi alikuwa ameniona nikikata. Alikaa pale pale akitafuna njugu. Nilimkasirikia sana. Nilimwambia mwalimu anayemwona mwanafunzi akiharibu na asiseme neno ana roho mbaya. Akasema soko ni kesho.

Nilikwenda. Muuza samaki mmoja aliniacha nipite, halafu akaniita kwa sauti ya kusikika hadi ziwani, "Dada, hao wa nyuma ushawachinja?" Soko zima likacheka. Nilinunua omena bila hata kuuliza bei. Nilipogeuka nirudi nilimkuta Fundi nyuma yangu. Kumbe alikuwa amenifuata tangu barazani, na kila aliyecheka akapitiliza alimkazia macho mpaka akanyamaza. Tukarudi. Tulipofika aliniambia kwamba sasa mtu akinijia na aibu ya mwili wake, nitajua namna ya kumpokea. Kisha akanipa karatasi nikate upya shingo.

Gauni lile ninalo. Nalivaa nikilima.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Wateja wake wengi hawakuja barazani. Walituma uzi. Uliletwa na mtu wa pikipiki, umefungwa kwenye leso, uzi mmoja mrefu wenye mafundo. Kutoka ncha hadi fundo la kwanza ni mabega, hadi la pili ni kiuno, hadi la tatu ni kifua, hadi la nne ni nyonga, na uzi wote ni urefu wa gauni. Fundi aliunyoosha juu ya meza, akaupitisha vidoleni, akaanza kumsema mwenye uzi kana kwamba amesimama pale. Huyu amejifungua juzi. Huyu amevuta tumbo ndani alipopimwa, tumwongezee. Huyu alipimwa na mumewe, ona alivyolegeza kiunoni. Na nguo zilikaa. Sijapata kuona nguo iliyorudishwa.

Nilijivunia jambo hilo. Nyumbani Karungu nilisimulia kwamba fundi wetu hahitaji kumwona mtu. Nilifikiri ni ustadi tu, na hakuna aliyenisahihisha, ingawa mama yangu alinisikiliza huku akichambua mboga kwa umakini ambao mboga haikuuhitaji.

Kisha Fundi alinichukua tupeleke nguo za harusi kwenye boma moja nje ya Sori. Tulifika langoni akasimama. Nikadhani ni mbwa. Nikatangulia kuangalia, hakukuwa na mbwa hata mmoja. Nilimwita, akatikisa kichwa. Shangazi wa bibi harusi akatoka, akapokea mzigo kwa ncha za vidole, akasema asante kwa haraka, akarudi ndani. Tukasikia vigelegele nguo zilipofunguliwa. Hakuna aliyetuambia karibu. Kwetu hata mdai huambiwa karibu. Tulisimama kidogo juani, Fundi akasikiliza vile vigelegele mpaka vikaisha, kisha akasema twende.

Mwenzangu wa darasani, mama mzoefu wa pale Sori, ndiye aliyenieleza kesho yake. Fundi alifiwa na mume angali kijana. Ndugu wa mume wakakaa, wakamchagulia binamu ya marehemu wa kumrithi kama desturi inavyotaka, naye akakataa. Hakutoroka wala hakurudi kwao. Alikaa kwenye nyumba ya mumewe, akalima shamba la mumewe, akanunua cherehani. Wakasema hajasafishwa kifo cha mumewe kwa kurithiwa, kwa hiyo ana chira, ile balaa inayoaminika kumfuata anayevunja mwiko na kumrukia anayemkaribisha. Tangu siku hiyo hakuna mlango uliofunguliwa kwake. Fundi anahitaji kumpima mtu, wanawake huona haya kupimwa barazani mbele ya waliokuja kusaga, na yeye hawezi kuingia kwa mtu. Ndipo ukaja uzi.

Nilishindwa kushona siku ile. Nilikasirika mpaka nikachoma mguu wa suruali kwa pasi. Nguo zake hazikuwa na chira. Mikono yake haikuwa na chira ilipokunja pindo la gauni la kwaya. Ni miguu yake tu iliyokuwa na chira, tena ilianza kuwa nayo ikifika langoni mwa mtu. Na hao si watu wa kuishi kwa miiko, nawajua. Wana simu kubwa, wana watoto vyuo vikuu, wanavunja mwiko mwingine wowote unaowachelewesha. Jumapili waliimba wakiwa ndani ya sare alizoshona yeye kwamba minyororo imekatika. Jumatatu walituma uzi.

Nilimwendea nikiwa na moto huo. Nilimwambia awakatalie. Watakapokosa nguo watamfungulia. Nikamwuliza pia, kwa ukali ambao sikuwa na haki nao, mbona yeye mwenyewe anatuzuia kuruka vitambaa, mbona anashika miiko ya watu wanaomfukuza.

Alikuwa anatia uzi sindanoni. Akaulamba, akaupitisha.

"Mimi sikukataa mila," alisema. "Nilikataa mume. Wao ndio waliochanganya."

Nikamwuliza kama haimuumi. Akasema inamuuma, akaniuliza kama nimemaliza mfuko wa suruali.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba aibu hiyo ilifika kwetu. Watu wa mchumba wangu walipopanga kuja nyumbani Karungu kwa ayie, ile siku mahari inapoanza kuzungumzwa na binti anatolewa kuonekana, nilijishonea gauni mwenyewe. Nilifanya kazi miezi, Fundi akiwa juu ya bega langu na rula. Mabega yalikaa, nyonga zilikaa, hakuna jogoo aliyening'inia. Nikamwambia mama kwamba Fundi atakuja kunivisha, maana pindo lilikuwa bado, na pindo hukunjwa mtu akiwa na viatu vyake. Mama akasema shangazi zangu hawatakubali, na kwamba siku kama ile si ya kujaribu mambo. Nilimwuliza ni balaa gani aliyoiona kwenye gauni lake mwenyewe la kijani, ambalo lilishonwa na Fundi kwa uzi aliomtumia, na ambalo alikuwa amelivaa wakati ule ule akiongea. Akaniambia nishushe sauti.

Niliapa sitavaa. Fundi ndiye aliyetuma ujumbe kwamba nitavaa, na kwamba nitoke hadi langoni. Basi nilitoka, nimevaa gauni na viatu, wageni wakiwa njiani. Akapiga magoti kwenye vumbi la lango letu, pini midomoni, akazunguka pindo lote kwa magoti. Shangazi zangu walitazama kutoka mlangoni. Alipomaliza walimpelekea sahani ya kuku pale pale nje. Nilitaka airushe. Alikaa juu ya jiwe akala yote, akafuta vidole, akasema imepungua chumvi, akapanda pikipiki akaenda. Nilikaa mbele ya wakwe zangu nikiwa nimefura, na wao wakaniona binti mwenye haya.

Nimeolewa Magunga sasa. Nina cherehani yangu na wateja wangu, nao huingia kwangu na mimi naingia kwao, na kila nikikanyaga kizingiti cha mtu na tepu shingoni namkumbuka. Mama mkwe wangu anaishi boma moja nasi. Mwaka huu alipata ugonjwa uliomlegeza upande mmoja, bega la kushoto likashuka na mguu ukawa mzito. Na kitinda mimba wake akawa anafunga ndoa kanisani. Alitaka gauni, na alitaka gauni litakalomficha bega.

Kushona ningeweza, lakini kumpima nisingeweza. Mkaza mwana hamshiki mama mkwe kiuno, wala mama mkwe hainui mikono mbele yake akiwa na shimizi. Mafundi wengine wa Magunga ni wanaume, na kwao alisema hata akiwa maiti haendi. Akaniambia kazi nimpe yule aliyenifundisha, kwa kuwa kazi yangu inampendeza. Kisha, bila kunitazama, akanipa uzi.

Nikajua kwamba habari zilikuwa zimefika kabla yangu. Zilivuka kutoka kwetu Nyatike hadi Magunga kwa urahisi kuliko gari lolote. Nilimeza hasira nikaupeleka Sori. Fundi amezeeka. Siku hizi wanafunzi humtilia uzi sindanoni, na rula ameigeuza fimbo ya kujikunia mgongo. Aliunyoosha ule uzi juu ya meza, akaupitisha vidoleni mara moja, akaurudisha kwenye leso.

"Uzi huu umepima gauni lake la zamani," alisema. "Mwambie uzi haujui bega lililoanguka. Nitakuja."

Akaja, kwa pikipiki, mkoba mapajani. Alipofika langoni kwetu akasimama, kama nilivyojua atasimama. Mama mkwe alikuwa ameketi ndani, karibu na mlango uliokuwa wazi, wakaonana. Salamu zilipita, za heshima, ndefu, za wagonjwa na watoto na mimea shambani. Zikaisha. Mama mkwe akaniambia nitandike mkeka pale langoni, nimshike mkono apelekwe.

"Usimsumbue," Fundi alisema kutoka nje. "Mguu wake haufiki hapa. Na mimi sipimi mtu barabarani tena. Nimezeeka, magoti yamekataa vumbi."

Jirani yetu aliyekuwa akipalilia ng'ambo ya ua aliacha kupalilia. Nilikuwa nimesimama katikati ya hao wanawake wawili na nilihisi hasira ya miaka yote ikinipanda, ya lile boma la vigelegele, ya mama yangu na gauni lake la kijani, ya ile sahani ya kuku. Sijawahi kumjibu mama mkwe. Siku hiyo nilitazama chini, nikamjibu.

"Mama, ama aingie, ama uende kanisani umevaa uzi."

Nilidhani ataniambia nifunge virago. Aliangalia bega lake, akalivuta kwa mkono mzima, likashuka tena. Kisha akasema neno lenyewe, kwa Dholuo, kwa sauti ya chini, kana kwamba anaiambia sakafu.

"Donji." Ingia.

Fundi hakusogea. "Sijasikia," alisema.

"Donji," mama mkwe akasema tena, na safari hii jirani naye alisikia, maana jembe lilimtoka mkononi.

Fundi akavuka lango. Alitembea polepole uani, akavua viatu kizingitini, akavipanga sawasawa, akainama kidogo kupita mlangoni ingawa mlango ulikuwa mrefu kumzidi. Ndani alisimama kwanza. Aliangalia kuta, kalenda, vitambaa vya makochi, akashika kimoja na kukigeuza kuona mshono wa nyuma. Hakusema kitu juu yake. Akauliza mwangaza uko upande gani, nikafungua dirisha.

Nilikuwa naondoka, kama heshima inavyotaka, nilipomwona akifungua mkoba. Akatoa ile tepu. Mpira ulikatika alipougusa, kwa uzee. Tepu yenyewe haikutaka kunyooka, ilikuwa imeshika mikunjo yake, ikabidi aivute kwa mikono yote miwili, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka ikakubali.

"Kumbe tepu unayo," mama mkwe alisema.

"Ninayo siku zote," Fundi akajibu. "Inua mkono."